Afande Aliyekuja Kumwita Mume Wangu

Kwa Afande hukuulizwa unataka kiasi gani. Ulikaa kwenye benchi, ukaletewa sahani imejaa wali mpaka ukingoni, samaki juu yake, mchicha ubavuni, na ukithubutu kusema nipunguzie, alikutazama kama askari aliyekuja gwarideni bila mkanda. "Kula," alisema. "Hujui utakula tena saa ngapi." Madereva wa malori ya Lindi na Mtwara walishamzoea. Waliopata tabu ni abiria wenye haraka, maana sahani ile haikuliwa kwa dakika tano, na yeye hakupenda kuona chakula kimeachwa.

Mwanamke huyu alikuwa mpishi wa jeshi miaka mingi, akastaafu na cheo cha sajenti, akafungua kibanda cha chakula hapa Bungu, kando ya barabara kuu, hatua chache kutoka nyumba tuliyopanga mimi na mume wangu. Jina lake nalijua, lakini sijawahi kumsikia mtu akilitumia. Watoto walimwamkia "Shikamoo Afande," sheikh wa msikiti alimwita Afande, na yeye mwenyewe akipiga simu alianza na "Afande hapa," hata akimpigia muuza mkaa. Nami nitamwita hivyo hivyo.

Kupika kidogo hakujua. Alisema mikono yake ilizoea masufuria ya kombania nzima, na akijaribu kupika wali wa watu kumi anakosea hata chumvi. Kwa hiyo kila siku kulibaki chakula, na kila alasiri ungewaona wazee wasio na mtu wa kuwapikia wakiingia mmoja mmoja "kumsaidia kuosha sufuria." Ndivyo alivyosema yeye. Sijamwona hata mmoja akiosha.

Sauti yake ilisikika ng'ambo ya barabara. Ukichelewa kumletea samaki kwa robo saa, aliwakataa, hata kama angebaki bila kitoweo siku nzima. Lakini mwanamke huyo huyo hakuweza kumtazama kuku akichinjwa. Kisu kikitolewa tu, alizunguka nyuma ya kibanda, akajifanya anatafuta kuni, na kuni zilikuwa zimejaa mbele yake. Watu wake ni wa Mbuchi, kwenye delta ya Rufiji, watu wa mitumbwi na mikoko, na yeye alikuwa anaogopa maji kuliko chatu. Akienda kwao alipanda boti, akafumba macho, akayafumbua alipoambiwa, "Afande, tumefika." Tulimcheka sana kwa hilo. Naye alicheka.

Sare zake zote alizirudisha alipostaafu, hata soksi. Hakupenda kumwona mtu mtaani amevaa kitu cha jeshi ambacho si chake. Wimbo wa taifa ukipigwa redioni alisimama, mwiko mkononi, chapati ikiungua kwenye kikaango, na wateja nao wakajikuta wamesimama.

Mume wangu alimpenda. Alikuwa koplo, na kila akija likizo alikwenda kibandani asubuhi, akageuza ndoo, akaikalia, akamenya viazi huku wanazungumza habari za kambini. Mimi nilikuwa nawasikia nikiwa uani kwangu. Alikuwa na kicheko kimoja ambacho alikitoa akiwa na Afande tu, cha juu, cha kujiachia, kama cha mtu aliyevua viatu. Nilikionea wivu kicheko kile. Sasa hivi ningetoa chochote nilichonacho nikisikie tena ng'ambo ya ukuta, hata kama anamchekea mtu mwingine.

Niseme ilivyokuwa.

Mwaka ule wa mafuriko, mume wangu alikuwa ametoka kulinda amani nje ya nchi. Muda wote alipokuwa huko sikulala vizuri. Simu ikiita saa isiyo ya kawaida, nilisoma dua kabla ya kuipokea. Alipotua salama, akaja nyumbani amekonda, na mtoto wetu Zuhura akamkimbilia, mimi nilisema moyoni kwamba nimeshamaliza kuogopa. Vita ilikuwa huko. Hapa ni kwetu.

Kisha mto ukajaa. Mvua ilinyesha juu na chini, Rufiji ikavunja kingo, na habari zikaanza kutufikia kutoka kwenye visiwa vya delta: mpunga umezama, nyumba zimezama, watu wamepanda juu ya madungu, vile vibanda vya miti mirefu ambavyo wakulima hukaa kulinda mpunga usiliwe na ndege. Jeshi likaleta maboti Nyamisati. Mume wangu alizaliwa Mbwera. Njia za maji kule alizijua kama chumba chake.

Jioni ile nilimwona anafunga na kufungua kamba za buti, anafunga na kufungua. Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Baba Zuhura, umerudi salama toka mbali. Usinifanyie hivi." Nililia. Akaziachia kamba, akasema, "Mimi niko likizo. Siendi mpaka nipewe amri." Nikatulia. Nani angekuja mpaka Bungu kumtafuta koplo mmoja aliye likizo?

Kesho yake saa moja asubuhi, kwenye mvua, mlango ukagongwa. Alikuwa Afande, amevaa buti za mpira, kanga imemgandama kichwani. Hakunisalimia. Alimtazama mume wangu, akasema kwa sauti ile ya ng'ambo ya barabara:

"Koplo. Boti zipo Nyamisati na hakuna anayejua njia. Vaa, uende."

Mume wangu akanigeukia. "Umesikia," akaniambia. Akavaa, akambusu Zuhura utosini, akatoka.

Siku mbili alifanya kazi. Alinipigia mara moja, sauti inakatika, akaniambia wamewatoa watu wengi na kwamba shangazi yake mmoja amekataa kuingia botini bila mbuzi wake, ikabidi mbuzi apande. Siku ya tatu boti lao liligongwa na gogo lililokuwa likishuka na mkondo, likapinduka. Wanakijiji waliokuwemo waling'ang'ania mikoko wakaokolewa. Watoto wote walipona, maana askari walikuwa wamewavika jaketi zao za kuokolea. Askari watatu hawakurudi. Wawili walikuwa vijana wadogo, hawajafika hata miaka miwili jeshini. Wa tatu ni mume wangu.

Sitasimulia mazishi. Nitasema tu kwamba risasi za heshima zilipopigwa, Zuhura aliziba masikio akaniuliza kama baba amekasirika.

Hasira zangu zote nilimpa Afande. Nilijiuliza usiku na mchana: huyu ni mstaafu, tena mpishi, ana amri gani juu ya koplo? Nani alimtuma? Alinikuta nina mume, akaja kumtoa mlangoni kwangu. Siku zote arobaini, na hata baada yake, alikuwa akinitumia chakula, sahani imefunikwa kwa sahani, wali wa moto na kipande kikubwa cha samaki. Nilimwaga. Sikujificha, nilitoka nje nikawamwagia kuku wa jirani, mahali ambapo yeye akiwa jikoni kwake ananiona. Siku iliyofuata ikaja sahani nyingine. Hakupunguza hata kijiko.

Lakini kuna jambo nililiona nikiwa katika hasira zile zile, na sikuweza kulikana. Wale vijana wawili hawakuwa na ndugu huku. Mmoja, Tumaini, alikuwa wa Njombe, na mwingine, Marwa, alitoka upande wa ziwa. Baba yake Tumaini alishuka kwenye basi pale Bungu amevaa koti zito la sufu, la baridi ya kwao, na alikuwa anatokwa na jasho mpaka ndevu zinadondosha, lakini hakulivua. Hakumjua mtu. Alisimama barabarani ameshika kofia. Afande alimtazama mara moja tu, akavuka barabara.

"Wewe ni baba wa askari," akamwambia.

"Ndiyo, mama."

"Njoo."

Alimlaza chumbani kwake, yeye akalala kibandani juu ya benchi. Alikwenda naye chumba cha maiti akasimama pembeni yake. Alizunguka Kibiti mpaka akampata katekista wa kuja kumwombea marehemu, kwa sababu mzee yule alitaka mwanawe aombewe kwa dini yake kabla hajasafirishwa. Afande, mwanamke wa hijabu na swala tano, alisimama nyuma ya katekista ameinamisha kichwa mpaka sala ikaisha. Baba Tumaini alisema baadaye kwamba koti lile alinunuliwa na mwanawe kwa mshahara wake wa kwanza. Ndiyo maana hakulivua.

Mwaka ulipotimia, Afande aliwapigia simu wote. Baba Tumaini akaja na gunia la viazi. Dada yake Marwa akaja. Kibandani hakukuuzwa chakula siku ile, kilitolewa bure, na watu walioopolewa kule delta walikuja kutoka Mbwera na Mbuchi, wengine na wale watoto waliovishwa jaketi. Majirani walinisukuma, nikaenda, nikakaa mbele kabisa nimemshika Zuhura.

Kulikuwa na mgeni rasmi, mtu wa ofisini, suti nzuri. Alisoma hotuba ndefu, na alipofika kwenye majina, la Marwa akalikosea. Afande alikuwa anapita na jagi la maji ya kunawa. Akasimama.

"Rudia, mheshimiwa," akasema.

Yule bwana akamtazama. "Samahani?"

"Hilo jina. Dada yake amepanda basi siku mbili kuja kulisikia. Lirudie."

Akalirudia, vizuri. Afande akaendelea na jagi lake.

Baada ya mgeni rasmi kuondoka ndipo alipofanya jambo lake mwenyewe. Alisimama mbele yetu, mikono imenyooka ubavuni, akatuambia kwamba jeshini asubuhi majina huitwa, na kila mtu huitika. Hawa watatu hawawezi kuitika, kwa hiyo wataitikiwa. Akaita, "Praiveti Tumaini!" Mzee wa Njombe akainuka na koti lake. "Tupo," akasema. Akaita, "Praiveti Marwa!" Dada yake akasema, "Tupo."

"Koplo Seif!"

Nilikaa kimya.

"Koplo Seif!"

Watu wote walinigeukia. Nilimtazama usoni, nikafunga mdomo, nikataka aone kwamba nimeufunga. Akaita mara ya tatu. Kisha, bila kunitolea macho, akasema kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, "Familia haijafika. Tutaingoja." Mimi niko mbele yake, hatua mbili.

Mwaka wa pili ilikuwa hivyo hivyo, akaita mara ya kwanza, nikanyamaza. Zuhura alikuwa na miaka saba. Alikuwa mapajani kwangu, anakula. Jina lilipoitwa mara ya pili aliinua uso, mashavu yamejaa wali, akaitika kwa nguvu kama anavyoitika darasani: "Tupo!"

Watu walicheka, halafu wakaacha kucheka. Mimi nilimkumbatia nikalia mbele ya wote, kilio ambacho sikukilia siku ya mazishi. Toka siku hiyo nilianza kula chakula cha Afande. Hatukupatana, sitasema tulipatana. Lakini niliacha kumwaga. Pole pole nikawa nakwenda kukaa kibandani, namenya viazi mahali alipokaa mume wangu, na mara moja moja Afande alinisimulia vituko vyake vya kambini, na mimi nikawa nasikiliza kwa pupa, najifanya sisikilizi.

Kwenye habari ya heshima alikuwa na msimamo wake. Walipokuja watu wakitaka kujenga mnara wa saruji, hakukataa, lakini aliwauliza nani ataufagia. Alisema askari akifa watu hupenda kumfanya mkubwa kuliko alivyokuwa, na mama yake hamtambui tena. Yeye aliwataka jinsi walivyokuwa. Alijua kwamba Tumaini hakula bamia. Alijua Marwa alikuwa anajifunza gitaa na hajui hata wimbo mmoja mpaka mwisho. Hakuwahi kuwaona wakiwa hai. Aliwauliza ndugu zao, simu baada ya simu, mpaka akajua. Mwezi haukupita bila kumpigia mzee wa Njombe. "Afande hapa. Umekula?" Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yote, mara nyingine.

Miguu ilipoanza kumvimba akafunga kibanda. Tulidhani atabaki Bungu. Yeye, muoga wa maji, alihamia Mbuchi kwa kaka yake, mahali ambapo ukitoka nje hatua ishirini umekanyaga maji. Nilikaa karibu miaka miwili sijamwona. Zuhura sasa yuko sekondari, anakaa bweni, na nyumba imekuwa kimya, na katika ukimya ule nilianza kuona kwamba nina neno limenikwama muda mrefu. Mwezi uliopita nikaenda Nyamisati, nikapanda boti.

Nilimkuta barazani amekaa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, anachagua mchele kwenye ungo. Amepungua. Sauti nayo imepungua.

"Shikamoo Afande."

"Marahaba, Mama Zuhura. Umekula?"

Nikasema nimekula. Akaita mtu aniletee chakula. Tukaulizana habari, za Zuhura, za Bungu, nani kazaa, nani kafa. Nahodha wa boti alikuwa ameniambia hatakaa sana, maji yakipwa boti litakwama kwenye tope. Kwa hiyo sikuzunguka.

"Afande, nimekuja na neno."

"Sema."

"Nimekusamehe."

Vidole vyake vikasimama kwenye mchele. "Umenisamehe nini?"

"Asubuhi ile. Ulivyokuja kumwita."

Aliokota chuya moja kwenye ungo, akaitupa uani. Kisha akasema, "Mwanangu, hasira zako nilizibeba miaka yote, na ningezibeba mpaka waniingize kaburini. Lakini msamaha siwezi kuupokea. Si wangu."

"Una maana gani?"

"Mimi mpishi. Mstaafu. Ningemtuma koplo kwa amri ya nani? Hukujiuliza?"

"Nilijiuliza kila siku."

"Alinijia mwenyewe. Alfajiri, alipotoka msikitini. Akaniambia, 'Afande, nimemwahidi mke wangu siendi mpaka nipewe amri. Njoo nyumbani unipe amri.' Nikamwambia nenda kamwambie mwenyewe, mwanamume mzima. Akasema, 'Nikimwambia mwenyewe atalia, na akilia siendi. Na shangazi zangu wako juu ya madungu.' Nikamkatalia. Akaniomba tena, nikamkatalia. Mara ya tatu nikavaa buti."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Aliniapisha. Alisema, 'Usimwambie. Nikirudi nitamwambia mwenyewe.'" Akapitisha kiganja juu ya mchele, akausawazisha. "Neno lilikuwa la kwake. Nilikuwa naona kama nikilisema mimi, ndiyo nimekubali kwamba harudi kulisema. Na wewe ulihitaji mtu wa kumkasirikia. Nikaona bora niwe mimi kuliko yeye."

Nilijua ninapaswa kukasirika upya, au kumlilia, au kuipigia magoti miguu ile iliyovimba nimwombe radhi kwa sahani zote nilizomwaga. Yote hayo nilikuja kuyafanya baadaye, kabla sijaondoka. Lakini kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa kingine kabisa. Kwa miaka yote hii nilikuwa nimeyakusanya mambo ya mume wangu, kila neno, kila siku ya likizo, nikayapitia mpaka nikayamaliza. Niliamini hakuna tena kipya. Kumbe kulikuwa na dakika chache za asubuhi ya mwisho ambazo sikuwahi kuzipata.

"Alisimama wapi?" nikauliza.

Afande alinitazama, akaelewa. "Mlangoni. Hakutaka kuingia, alikuwa amelowa."

"Kofia yake ya swala?"

"Ameiweka ndani ya shati, isilowe."

"Ulimpa chai?"

"Nilimpa. Hakunywa. Alishika kikombe tu, anapasha mikono."

Kule chini nahodha alikuwa anapiga kelele kwamba maji yanaondoka. Nikasimama kwenye ukingo wa baraza nikampungia mkono aende zake, anifuate kesho. Nikarudi nikakaa mkekani, karibu kabisa na Afande, bega kwa bega.

"Nieleze tena," nikamwambia. "Anza alipobisha hodi."

Akaweka ungo chini, akaanza.